Kuku wa Nyanya na Mafuta ya Kukamulia

Nimezaliwa Kinangop, mahali ambapo mwezi wa Julai ukitoka nje alfajiri unakuta sakitu, ule umande ulioganda, imefunika nyasi zote, na sukuma wiki zimelala chini zimekata tamaa. Kwa hiyo nilipohamia Birmingham na Wakenya wenzangu kanisani wakaanza kunipa pole za baridi, niliwasikiliza kwa adabu tu. Hawa ni watu wa Mombasa, nikajiambia. Hawa ni watu wa Kisumu. Mimi na baridi tumelelewa nyumba moja.

Maringo hayo niliyabeba miaka kadhaa bila mtu kunisumbua. Walioniondolea ni kuku watatu, na hata hawakuwa wangu.

Walikuwa wa jirani yangu. Nyumba za Bordesley Green zimeshikana, ukuta wangu ndio ukuta wake, na hata kabla sijamwona nilishajua kikohozi chake na saa anayowasha redio. Tulikutana mwaka wangu wa kwanza hapa. Nilikuwa uani naanika nguo, simu nimeibana kwa bega, naongea na mama yangu kwa sauti ile ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mara nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa ua wa mbao, kwa Kiswahili.

"Wewe, punguza sauti. Kama unaita hivyo, simu ya nini?"

Nikachungulia. Alikuwa bibi mzee wa Kihindi, mfupi, amejifunga shali kichwani, ameshika kikapu. Alizaliwa Kisumu, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na alikuja Uingereza akiwa msichana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha madukani cha zamani, chenye "iko" kila mahali, na alikuwa amekitunza miaka yote hiyo bila mtu wa kukizungumza naye. Alinipitishia mayai juu ya ua, bado yana joto la kuku. Nilipomshukuru nikamwita Mama, alikataa.

"Mama yako iko kwa simu. Mimi nyanya."

Basi akawa Nyanya. Niliingia ndani na yale mayai nikalia, kwa sababu tangu nifike hakuna mtu aliyekuwa amenikaripia kwa lugha ya kwetu, na kumbe nilikuwa nimekosa kukaripiwa.

Sijui ningeishije hapa bila yeye. Alinifundisha kutoa hewa kwenye redieta za kupasha nyumba joto, akanionyesha basi la kwenda Kings Heath, ambako baadaye nilipata kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Wakati wa usaili wa kazi hiyo yeye aliswali na mimi nikafunga. Kazi ilipopatikana kila mmoja alidai ni maombi yake, na ubishi huo haujaisha hadi leo.

Kuku wake wawili walikuwa wa kahawia, wenye panga fupi nyekundu kichwani. Wa tatu alikuwa mweupe, na upanga wake ulikuwa mkubwa kupita kiasi, umemwangukia jicho moja kama kofia ya mlevi. Huyo ndiye aliyependwa. Nyanya hakuwapa majina, alisema kuku ni kuku, lakini huyo mweupe alimsalimia kila asubuhi kwa Kigujarati, na wale wengine aliwasalimia kwa Kiingereza.

Majira ya baridi yaliyopita, Nyanya aliteleza kwenye barafu akipeleka maji bandani, akavunjika nyonga. Mimi ndiye niliyemkuta. Tulipokuwa tunangoja ambulensi nilimfunika kwa koti langu nikamshika mkono, nikidhani atataja maumivu, au Mungu, au mwanawe. Alisema neno moja tu: "Kuku."

Mwanawe anaishi Sutton Coldfield, kwenye nyumba kubwa yenye bustani mbele na nyuma. Ni mtu mwema, nataka hilo lieleweke. Alikuja hospitali kila jioni baada ya kazi, bado amevaa tai. Jioni moja nikiwapo alituambia kwa Kiingereza kwamba ameshaandaa chumba cha chini kwa ajili ya mama yake, na kwamba anamjua mtu wa kuwachukua kuku. Nyanya alitikisa kichwa kama anayekubali. Kisha akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, ambacho mwanawe anakisikia kidogo sana:

"Hii kijana yangu iko na roho nzuri. Lakini nikienda kwake nitakaa kwa kiti mpaka nikufe. Kuku zikikaa, mimi narudi kwangu. Kuku zikienda, wataniuliza, Mummy, unarudi kufanya nini?"

Nikamwambia mwanawe kwamba kuku nitawatunza mimi, si kazi kubwa, mimi nimekua na kuku. Akafikiri, akakubali. Lakini alisema waziwazi kwamba wakifa, au wakinishinda, basi hiyo ndiyo itakuwa dalili kwamba mama yake hawezi tena kuishi peke yake, na tusibishane. Aliyasema hayo kwa upole, na upole wake ndio ulionitia wasiwasi. Mtu mkali ningemjibu.

Wiki iliyofuata baridi ikashuka, ile ya kweli, ya kugandisha kioo cha gari ndani na nje. Nikampigia mama yangu simu ya video nikiwa nimesimama mbele ya banda, nikamzungushia kamera aone. Banda lenyewe lilikuwa la mbao, limeinuliwa kutoka chini, na juu karibu na paa lilikuwa na matundu mapana yaliyowekewa wavu.

"Hayo matundu ni ya nini?" mama akauliza.

"Sijui. Labda ya hewa."

"Hewa gani na baridi hiyo? Ziba. Ziba yote. Na unawapa ugali uliobaki?"

"Hapana, mama. Hapa serikali imekataza kuwapa kuku mabaki ya jikoni."

Nadhani siku hiyo ndiyo aliyoanza kuihurumia Uingereza.

Nilifanya alivyoniagiza, na nilifanya kwa raha. Kwetu kuku walilala jikoni, kwenye kibanda cha mbao kando ya meko, na msimu wa sakitu mama alikuwa akipita na magunia akiziba kila ufa wa ukuta. Nami nikachukua soksi zilizotoboka, sare zangu kuukuu za kazini na duveti moja ambalo hata kanisani walilikataa, nikashindilia kila tundu. Juu nikafunika plastiki, nikazungushia utepe wa kunata. Banda likawa limefungwa kama zawadi. Nikapiga picha nikamtumia mama, akanirudishia vile vidole vya kusifu, vingi mpaka vikajaza kioo cha simu. Nilikwenda kulala nimeridhika na nafsi yangu.

Asubuhi nilipofungua mlango wa banda, harufu ya kinyesi ilinipiga mpaka macho yakatoa machozi. Ndani kulikuwa na maji. Kuta zilikuwa zinatiririka, na pale juu, karibu na plastiki, maji yalikuwa yameganda yakawa barafu. Maranda ya mbao niliyowatandikia yalikuwa yamelowa kama yamemwagiwa ndoo. Wale wa kahawia walitoka wakijikung'uta. Yule mweupe alibaki kwenye kona, manyoya ya kichwani yamelowa, na ule upanga wake mkubwa ulikuwa umebadilika rangi kwenye ncha. Haukuwa mwekundu tena. Ulikuwa wa kijivu cheupe, na nilipougusa ulikuwa mgumu na baridi kama nta ya mshumaa.

Ngozi naijua, kukagua ngozi za wazee ndiyo kazi yangu. Nilijua hapohapo kwamba nyama ile imeganda. Nilijua pia kwamba sifai kuisugua wala kumweka kuku karibu na hita, kwa sababu nyama iliyoganda ukiipasha moto ghafla unaiua mara ya pili. Nikamfunga kwa taulo, nikampeleka bafuni kwangu ambako hakuna joto kali, nikamweka ndani ya kikapu cha nguo chafu. Nikawa namgusisha kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye upanga, polepole, nikimwomba msamaha kwa Kikikuyu. Nilipompigia msimamizi wangu kumwambia nitachelewa kwa sababu ya kuku, alisema sawa. Ni mwanamke wa Jamaika, na bibi yake pia alifuga.

Siku nzima kazini nilimfikiria Nyanya kwenye kile kiti cha Sutton Coldfield. Nilikiona kabisa, kiti cha ngozi, mto mgongoni, televisheni mbele. Niliogopa sana.

Baada ya kazi nilipitia hospitali. Nilikuwa nimeshapanga nitakayosema: kuku wazima, wanataga, wanakusalimu. Nyanya alikuwa ameinuliwa kitandani kwa mito. Aliuliza, "Kuku?" na mpango wangu wote ukaisha. Nikamweleza kila kitu, pamoja na duveti.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeziba ile dirisha ya juu?"

"Nimeziba."

"Nani amekuambia?"

"Mama yangu."

"Piga simu."

Nikapiga. Mama alitokea kwenye kioo amejifunga leso kichwani, nyuma yake moshi. Alimwona Mhindi mzee kitandani, akashtuka, akasalimia. Kila mmoja alikuwa amesikia habari za mwenzake kupitia kwangu kwa miaka, lakini hawakuwa wamewahi kuonana uso kwa uso.

"Mama," Nyanya akasema, "kule kwako kuku nalala wapi?"

"Jikoni, karibu na moto."

"Na moto naachwa?"

"Makaa yanakaa chini ya majivu mpaka asubuhi."

"Sasa moshi natokea wapi?"

"Juu. Pale paa na ukuta vinapokutana, tumeacha nafasi."

"Basi. Iko tundu."

Mama akageuka kuangalia paa la jikoni kwake kana kwamba analiona mara ya kwanza, akaanza kucheka. Alicheka mpaka simu ikayumba na tukaanza kuona sufuria badala yake.

Nyanya hakucheka, kwa sababu ya nyonga, lakini aliona raha. Akatueleza sote wawili. Kuku akipumua anatoa maji. Kinyesi chake kinatoa maji. Maji hayo yakikosa njia ya kutokea juu yanarudi kumkalia kichwani, na hapo ndipo baridi inapouma. Chini, pale wanapolala, uzibe upepo usiwapige. Juu uache wazi. Kuku mkavu anastahimili baridi kubwa, maana manyoya yake ndiyo duveti.

"Sawa, dada, hapo umenishinda," mama akasema. "Lakini huyo mtoto amewapaka mafuta?"

Hapa inabidi nieleze. Kwetu kuna mafuta mazito ya mkebe yaliyotengenezwa kwa ajili ya kukamulia, ya kupaka chuchu za ng'ombe zisipasuke kwa baridi. Lakini nani atayaachia ng'ombe peke yao? Tulipakwa sisi. Hakuna mtoto wa Kinangop aliyekwenda shule asubuhi ya sakitu bila uso kung'aa, miguu inang'aa, na nzi wakiteleza. Mpaka leo hakuna nyumba ya Mkenya Birmingham isiyo na mkebe huo. Huja kwenye masanduku, tunagawana kanisani, tunapaka midomo, visigino, watoto. Wenyeji wakitusifia ngozi tunashukuru, ng'ombe hatumtaji.

"Iko huo mkebe?" Nyanya akaniuliza.

"Iko."

"Paka kwa nyama, si kwa manyoya. Kidogo."

"Si kidogo," mama akasema.

Niliwaacha wakibishana kuhusu kipimo. Walibishana mpaka chaji ya simu ikaisha.

Sina hakika mafuta yale yalisaidia kiasi gani. Nimesikia watu wakisema yanasaidia na wengine wakisema hayafanyi kitu. Lakini nilizibua matundu ya juu yote, nikatupa duveti, nikabadilisha maranda mara kwa mara yasipate unyevu. Ufito mwembamba wa kulalia nikauondoa, nikaweka ubao mpana, ili kuku akikaa manyoya ya tumbo yafunike vidole. Nilipeleka maji ya uvuguvugu kabla ya kazi na tena nikirudi, kwa sababu yale ya kwanza yalikuwa yameshaganda. Na kila jioni kuku wakianza kupanda ubao niliwashika mmoja mmoja, nikawapaka upanga na zile ndevu nyekundu zinazoning'inia chini ya mdomo. Walikuwa wanatulia kabisa. Nikimaliza wanakaa kwa safu, vichwa vinang'aa, na mimi nawaona watoto wa shule yetu wamepanga mstari.

Ncha za upanga wa yule mweupe zilikuwa zimekufa. Zikawa nyeusi. Ndipo mwanawe Nyanya aliponitumia ujumbe kwamba Jumamosi angepita kuona hali ilivyo.

Alikuja na koti lake zuri na viatu visivyofaa matope. Nilikuwa nimeandaa hotuba kichwani tangu alfajiri. Alimwangalia yule kuku kwa muda, zile ncha nyeusi, akaniuliza kama atakufa. Nikamwambia hapana. Ncha zitakauka, zitadondoka zenyewe, kuku atabaki. Nikamweleza pia nilivyoziba na nilivyozibua, maana sikuona faida ya kuficha.

Akachuchumaa. Kuku mweupe akamwendea, akadonoa kifungo cha koti.

"Kwa nini kichwa chake kinang'aa?" akauliza.

Nikamwambia ukweli, mpaka kwa ng'ombe. Alicheka akashika ua wa mbao. Kisha akasema kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimpaka mafuta kila asubuhi ya baridi pale mlangoni, usoni, masikioni, mbele ya watoto wote wa mtaa, na yeye aliyapangusa kwa mkono wa sweta kabla hajafika kona. Kila siku mama anapaka, kila siku yeye anapangusa. Akabaki amechuchumaa hapo, hacheki tena. Baada ya muda aliinuka, akachukua chombo cha maji kilichoganda, akaenda kukijaza bombani mwenyewe, na viatu vyake vikaharibika.

Hakuniambia ameamua nini, nami sikuuliza. Jumamosi iliyofuata alirudi na fundi, wakaweka vyuma vya kushikilia kwenye ngazi za mlango wa nyuma na kando ya njia nzima inayoelekea bandani. Nilisimama dirishani nikisikiliza mashine ya kutoboa ukuta, na sijawahi kufurahia kelele kama siku ile.

Nyanya alirudi kwake kabla baridi haijaisha. Alitembea na fremu ya kujishikiza, mwanawe nyuma yake, mikono ameikunjua tayari kudaka. Hakutaka chai, hakutaka kukaa. Alikwenda moja kwa moja uani. Ncha nyeusi zilikuwa zimeshadondoka, na upanga wa kuku mweupe ulikuwa umekuwa mfupi, wa mviringo, umesimama wima. Kwa mara ya kwanza alikuwa anaona kwa macho yote mawili. Nyanya akamsalimia kwa Kigujarati kirefu. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikingoja hukumu yangu.

"Iko mzuri," akasema. "Hata nywele umenyoa."

Mwanawe akamletea kiti cha jikoni, akakaa hapo uani, shali mpaka kidevuni. Akaniomba ule mkebe. Nikajua anataka kumpaka kuku wake mwenyewe jioni hiyo, nikaukimbilia, nikamfungulia kifuniko, nikainama nimchukue kuku.

"Wacha kuku," akasema. "Lete mkono."

Nilikuwa sijaiangalia mikono yangu. Maji ya barafu asubuhi, sabuni na dawa za kunawa kazini mchana kutwa, na maji ya barafu tena jioni. Ngozi ya nyuma ilikuwa imepasuka, na kwenye vifundo damu ilikuwa imekauka. Nilitaka kuificha mfukoni, lakini alishanishika.

"Wewe umepaka kuku yangu kila siku," akasema. "Wewe, nani amekupaka?"

Tangu nitoke kwa mama yangu hakuna aliyenipaka. Alichovya kidole, akaanza na kidole gumba, akaenda taratibu, kidole baada ya kidole, akizunguka kila ufa, na kile kidogo alichokihubiri hospitalini hakukifuata, alipaka mengi kama mama alivyotaka. Mwanawe aliangalia pembeni. Mimi, mtu wa Kinangop, niliyelelewa nyumba moja na baridi, nilisimama pale nikilia bila kujificha, na nilimshukuru Mungu kwa ule ua wa mbao, kwa sauti yangu kubwa ya simu, na kwa mwanamke huyu kurudi kwake.

Alipomaliza aliugeuza mkono wangu, akaukagua, akaridhika.

"Haya," akasema, "lete hiyo ingine," nami nikampa mkono wa pili.